Mfuko wa Udhamini Unatafuta Nini Katika Andiko la Kikundi Chako

Kila wito wa maombi ya ruzuku unapotangazwa, kauli mbili husikika kwenye vikundi vyetu. Ya kwanza ni kwamba fedha zile zina wenyewe. Ya pili ni kwamba atafutwe mtu anayejua kuandika. Ya kwanza huvikatisha tamaa vikundi ambavyo vingestahili kupata. Ya pili huvipeleka mikononi mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga kijijini, na ambao wako tayari kuuza andiko lile lile, yaani maelezo ya mradi yanayoombewa ruzuku, kwa vikundi vitano. Zote mbili zimestawi kwa sababu moja: hatujaelezwa vya kutosha mfuko wa udhamini ni chombo cha namna gani, na ni nini kinachowafunga mikono wale wanaoutunza. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya fomu yanayoonekana kuwa usumbufu yanapata maana, na unaweza kujua mapema kama kikundi chako kiombe au kitunze nguvu zake kwa wito mwingine.

Nitaeleza nikitazama zaidi Tanzania, hasa mifuko inayosaidia vikundi vya wanavijiji wanaoishi kando ya misitu, kwa kuwa hapo mambo magumu ya ruzuku za jamii hukutana yote kwa pamoja: ardhi, kipato, sheria, na fedha iliyotengwa kwa kusudi moja.

Fedha iliyofungwa tangu mwanzo

Mfuko wa udhamini huanza pale mtu, familia, kampuni, serikali au shirika la kimataifa linapotenga mali na kuikabidhi kwa wadhamini, kwa hati inayosema mali hiyo itumike kwa kazi gani, kwa manufaa ya nani, na mara nyingi mahali gani. Tanzania Bara bodi za wadhamini husajiliwa chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi, na anayeshughulikia usajili huo ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Watu wa pwani wanaujua mpango huu kwa umbo la wakfu. Mtu akiliweka shamba lake la minazi kuwa wakfu wa msikiti au wa mafukara, msimamizi hupokea mavuno na kuyapeleka alikoagizwa. Hawezi kuliuza shamba. Hawezi pia kumpa jirani mwenye shida, hata kama shida ya jirani inamuumiza zaidi kuliko ile iliyotajwa na mwenye mali. Zanzibar hadi leo kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za aina hiyo. Mfuko wa udhamini wa kisasa una bodi, mkurugenzi na wakaguzi wa hesabu, lakini uti wake wa mgongo ni huo huo: wadhamini hutekeleza kusudi la hati, na wakiliacha wanavunja sheria.

Chukua Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake, EAMCEF. Ulisajiliwa mwaka 2001 na makao yake makuu yako Morogoro. Mtaji wake wa mwanzo, dola milioni 7, ulitoka Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia. Mtaji huo ni wa kudumu: huwekezwa, na kinachotolewa kuwa ruzuku ni faida yake. Milima yenyewe inaanzia Taita, Kenya, ikipita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, na ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji, unalishwa na vijito vya Uluguru. Hizo ndizo sababu fedha ile ikatengwa.

Kutokana na maelezo hayo mafupi unaweza kukisia mambo ambayo fomu haitakuambia waziwazi. Fedha za kugawa mwaka huu zinategemea faida ya uwekezaji, kwa hiyo mwaka ambao masoko ya mitaji yamedorora, hata andiko zuri linaweza kukosa. Mfuko wa namna hii hupenda miradi midogo inayoweza kufika mwisho, kuliko mikubwa itakayohitaji kuongezewa kila mwaka. La tatu ndilo zito zaidi: mfuko huo haukuanzishwa kwa ajili ya umaskini. Ulianzishwa kwa ajili ya misitu. Ukisaidia ufugaji nyuki, mabwawa ya samaki au majiko banifu, unafanya hivyo kwa sababu unaamini kwamba mtu mwenye kipato kingine ataupumzisha msitu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona maandiko mengi yanayojaza kurasa mbili za kwanza kwa dhiki ya kijiji: hakuna zahanati, barabara ni mbovu, vijana hawana kazi. Yote ni kweli na yanastahili kusemwa mahali fulani. Lakini wadhamini wa mfuko wa misitu hawana ruhusa ya kuyajibu, na mtu anayewasomea maandiko anajua hivyo tangu aya ya kwanza. Kikundi kinapopokea barua ya kukataliwa hudhani kimedharauliwa, kumbe kilibisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa na ufunguo wa shida yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kalamu, ni kuchagua mlango. Mfuko wa Misitu Tanzania uliundwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na hutoa ruzuku kwa mambo ya misitu. Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003, hutazama asasi za kiraia, Bara na Zanzibar, katika mambo ya utawala bora na ushiriki wa wananchi. Women Fund Tanzania Trust ilianzishwa 2008 na shabaha yake ni vikundi na asasi za wanawake. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na iliyoanza mwaka 1992, huwapa fedha moja kwa moja asasi na vikundi vya wananchi. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku yake moja kilikuwa dola 50,000, na wanaoamua ni kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi si watumishi wa serikali. Kwa wenzetu wa Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997 na imejulikana kwa kuongezea juu ya kile ambacho jamii yenyewe imechanga. Kila mmoja una hati yake. Soma sehemu ya malengo kwenye tangazo na orodha ya miradi waliyokwisha kuifadhili. Orodha hiyo husema kweli zaidi kuliko tangazo.

Kikundi chenyewe kwanza

Fedha haziwezi kukabidhiwa kwa kitu ambacho sheria haikitambui. Kikundi cha kijamii Tanzania hupata cheti chake katika halmashauri, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa na Msajili wa NGOs chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Vikoba na vikundi vingine vya kuweka na kukopa viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Mashirika makubwa zaidi ya huko sasa yanafuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Kuna mtego hapa unaovinasa vikundi vingi vya kina mama. Kikoba kina cheti, kina nidhamu ya kukutana kila wiki, kina daftari safi kuliko ofisi nyingi. Kisha kinaomba ruzuku ya kupanda miti. Msomaji wa maandiko wa mfuko anafungua katiba na kukuta madhumuni ni kuweka akiba na kukopeshana, basi. Mti haumo. Kwa mujibu wa katiba yao wenyewe, kazi wanayoiombea fedha si kazi yao. Dawa yake ni kikao halali cha kurekebisha katiba, muhtasari uliosainiwa, na nakala kupelekwa ofisini kwa aliyewasajili. Linahitaji muda kidogo, lakini haliwezi kufanyika siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

Baada ya katiba huja akaunti ya benki kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti, yenye watia saini watatu ambao si mtu na mkewe na shemeji yake. Huja orodha ya wanachama yenye saini. Huja daftari la fedha. Nimewahi kuulizwa kwa nini mfuko unataka kuona matumizi ya mwaka jana ya kikundi ambacho hakikuwa na fedha mwaka jana. Jibu ni kwamba hakuna kikundi kisicho na fedha kabisa. Ada za shilingi elfu mbili mbili zilizokusanywa na kuandikwa, zikanunua viti vya kukodisha, na risiti ikabandikwa kwenye daftari, ni ushahidi mkubwa mno. Zinaonyesha kuwa watu hawa fedha ikipita mikononi mwao huacha nyayo. Mfuko unatafuta hicho hasa, na mwandishi wa kulipwa hawezi kukitengeneza.

Neno moja pia kuhusu mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba, na hurudishwa. Ruzuku hairudishwi. Lakini kama kikundi kina deni la halmashauri lililolala, ofisa maendeleo ya jamii wa kata anajua, na mara nyingi ni yeye atakayeombwa barua ya utambulisho. Elezeni deni hilo na mpango wa kulilipa. Likifichwa hufichuka wakati mbaya zaidi.

Daraja kati ya asali na msitu

Sasa tuingie kwenye andiko. Tuseme kipo kikundi cha kufikirika cha watu 22 kwenye miteremko ya Uluguru, wanawake 14 na wanaume 8, wanaotaka kufuga nyuki kwa mizinga ya kisasa. Wanaomba kwa mfuko wa misitu. Andiko la kawaida litasema: tutafuga nyuki, kipato kitaongezeka, uharibifu wa msitu utapungua. Sentensi tatu, na kati ya ya pili na ya tatu pana korongo ambalo hakuna aliyelijengea daraja.

Nani anakata msitu huo? Swali hili likijibiwa kwa uaminifu, andiko zima hubadilika. Tuseme wanaochoma mkaa ni vijana wa kitongoji cha juu, na wanachama wa kikundi ni kina mama wa kitongoji cha chini ambao hawajawahi kuchoma mkaa maisha yao yote. Asali ya kina mama haitapunguza gunia hata moja la mkaa. Itawapa kipato, jambo jema, lakini kwa mfuko wa misitu daraja limevunjika. Kikundi kikiliona hilo mapema kinaweza kuwakaribisha vijana wale wawe wanachama, au kuwapa kazi ya kutengeneza mizinga. Au kinaweza kubadilisha hoja yote na kusema ukweli mwingine: tatizo letu ni moto. Kila kiangazi moto wa kuandaa mashamba hutoroka ukaingia msituni. Mwenye mizinga iliyotundikwa ukingoni mwa msitu ana sababu ya kukimbia na matawi mabichi kuuzima, kwa sababu mali yake inaungua. Hapo daraja linasimama. Nyuki wanahitaji maua ya msitu, mwenye nyuki anahitaji msitu usiungue, na kikundi kinaahidi kufyeka njia za kuzuia moto na kupanga zamu za kiangazi.

Ahadi hiyo inahitaji mahali pa kuanzia kupimia. Wataalamu huita takwimu za awali, nasi tunaweza kuzipata bila mtaalamu yeyote: mtendaji wa kijiji anaweza kuwa na kumbukumbu za moto wa miaka miwili iliyopita, na wazee wanajua uliingia kutokea wapi. Andika: mwaka jana moto uliingia msituni mara nne upande huu, na mwisho wa mradi tunalenga usizidi mara moja. Hicho ni kiashiria. Ni kitu ambacho mgeni anaweza kuja kukihesabu. "Jamii itakuwa na uelewa mkubwa wa mazingira" hakihesabiki, na huenda msomaji amekwisha kukisoma mara nyingi siku hiyo. Kama unataka kupima mafunzo, sema ni wanachama wangapi kati ya 22 watakaoweza kukagua mzinga na kurina asali bila kuliua kundi la nyuki, na nani atawapima.

Kisha sema ni wapi hasa mizinga itatundikwa. Kama ni ndani ya hifadhi ya misitu ya taifa, inahitajika ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kama ni ardhi ya kijiji, unahitajika muhtasari wa mkutano wa kijiji au wa halmashauri ya kijiji unaotaja eneo hilo na kikundi hicho kwa jina. Kama ni shamba la mwanachama, mkataba wa maandishi, kwa maana mwanachama anaweza kufariki au kujitoa, na warithi wake hawakuwahi kuahidi chochote. Karatasi hizi huchukua muda kuliko andiko lenyewe. Anza nazo.

Kuhusu lugha: andikeni kwa lugha ambayo mfuko unaikubali, na kama Kiswahili kinakubaliwa, andikeni kwa Kiswahili. Programu ya Ruzuku Ndogo niliyoitaja imewahi kupokea hata maombi ya picha, video na ya mdomo, ili wasiojua kuandika wasiachwe nje. Nadhani ni jambo la haki ambalo mifuko mingine ingeiga. Mama aliyechunga chanzo cha maji kwa miaka ishirini anajua zaidi kuhusu chanzo kile kuliko kijana mwenye shahada anayemwandikia, na inapotokea maarifa yake yanapotea kwenye tafsiri, mfuko na msitu vyote vimepata hasara.

Bajeti

Wasomaji wengi wa maandiko huanza na ukurasa wa bajeti, kisha hurudi kwenye maneno. Bajeti haiwezi kujificha nyuma ya sifa. Ikisema kuna mafunzo ya siku tano na kwenye mpango wa kazi mafunzo ni siku tatu, kuna siku mbili ambazo hazipo na fedha ambazo zipo.

Kikundi chetu cha kufikirika kinataka mizinga 40. Kwa bei ya mfano ya shilingi 85,000, hiyo ni 3,400,000. Mavazi ya kinga seti 6 kwa 90,000 ni 540,000. Mabomba ya moshi 6 kwa 30,000 ni 180,000. Jumla 4,120,000. Kikundi kinaridhika, kinafunga hesabu. Lakini mizinga iko karakana ya mjini, na gari linaishia chini ya mlima. Nani atailipia hadi pale, na kutoka pale kwenda juu itabebwa na nani? Asali ikirinwa itawekwa kwenye nini? Ndoo zenye mifuniko hazimo, chujio halimo, mizani haimo. Mafuta ya pikipiki ya ofisa nyuki wa wilaya anayetakiwa kuja mara nne hayamo. Bajeti iliyosahau haya haionekani nafuu machoni pa msomaji. Inaonekana imeandikwa na watu ambao hawajaifikiria kazi yao kuanzia asubuhi hadi jioni.

Bei zitoke dukani. Chukueni profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili, mziambatishe, na mwulize kama muuzaji anatoa risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, kwa sababu wakati wa kutoa hesabu kwa mfuko mtadaiwa risiti hiyo. Mbao zikinunuliwa kwa mtu asiye na risiti, ulizeni mfuko mapema wanakubali hati gani badala yake.

Halafu kuna mchango wa jamii. Mifuko mingi huutaka, na vikundi vingi huuandika kwa kukisia: "nguvu kazi, milioni mbili." Uandikwe kama unavyoandikwa ujira: watu 22, siku 6 za kufyeka njia za moto, kwa kiwango cha kibarua kinachotumika kijijini. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 7,000 kwa siku, ni 924,000. Hesabu ndogo ya kweli ina heshima kuliko kubwa ya kubuni, na baadaye mtaombwa kuonyesha orodha ya mahudhurio ya siku hizo sita.

Kwenye matarajio ya mapato pia ukweli unasaidia. Mizinga mipya 40 haitakaliwa yote msimu wa kwanza. Mfugaji nyuki yeyote atakuambia kwamba mingine hukaa mitupu, mingine huingiliwa na sisimizi, na mingine kundi huhama. Andiko linalopiga hesabu ya mavuno kwa mizinga yote 40 mwaka wa kwanza linamwambia msomaji kwamba hakuna mfugaji nyuki aliyeulizwa. Chukueni makadirio ya chini, mseme mizinga isiyokaliwa itafanywaje: itahamishwa lini, na nani ataipaka nta upya.

Kusubiri, mkataba na kutoa hesabu

Baada ya kutuma, mara nyingi maombi hupitia mchujo wa makaratasi, ambako nakala ya cheti iliyosahaulika inatosha kuliangusha andiko, kisha usomaji wa wataalamu, kisha ziara ya uwanjani, ndipo bodi au kamati inaamua. Ziara ya uwanjani huwatisha watu bila sababu. Mgeni hajaja kutafuta ngoma wala pilau. Anataka kuona kama wanachama ambao si viongozi wanaujua mradi. Mama aliyekaa nyuma akiulizwa mizinga itakaa wapi na akajibu sawasawa na lilivyoandikwa, ameliunga mkono andiko kuliko barua tano za diwani. Na akijibu kwamba hajui, kwamba mambo hayo anayajua katibu, ndipo utajua kwa nini ninapinga maandiko yanayoandikwa mjini.

Mkikubaliwa, mtapewa mkataba. Usomwe wote, kwa sauti, kwenye kikao. Fedha huja kwa awamu, na awamu ya pili haifunguliwi mpaka taarifa na hesabu za ile ya kwanza zipokelewe na kukubaliwa. Kwa hiyo mpangilio wa awamu lazima ufuate majira. Kama mizinga iko kwenye awamu ya pili na taarifa ikachelewa miezi miwili, mtaitundika maua yakiwa yamekwisha na mwaka mzima umepotea. Lisemeni hilo kabla ya kutia saini. Mifuko husikia hoja ya msimu inapoelezwa vizuri. Mashirika yaliyosajiliwa kama NGO yakumbuke pia kwamba kanuni zilizotolewa 2018 zinataka mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa Msajili.

Kosa linalowaponza watu waaminifu kabisa ni kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine kwa nia njema. Mvua zimeharibu njia, kikundi kinachukua fedha za mafunzo na kutengeneza daraja la magogo. Kila mtu kijijini anafurahi. Kwa mkaguzi, mafunzo hayakufanyika na kuna matumizi yasiyoidhinishwa. Mdhamini naye anajibu kwa mkaguzi wake, kwa sababu fedha ile si yake. Barua moja ya kuomba kibali, iliyoandikwa kabla ya kutumia, ingelimaliza suala lote. Kama hamna muda wa barua, pigeni simu kwa ofisa wa mradi kisha mfuatishe maandishi siku hiyo hiyo. Vikundi huogopa kutoa habari mbaya kwa mfadhili, na hofu hiyo ndiyo inayoviharibia, maana ofisa wa mfuko amezoea habari za mvua, moto, wizi na mwenyekiti aliyehama. Asichoweza kukitetea mbele ya bodi ni kimya.

Mtaulizwa pia, tangu kwenye fomu, mali itakuwa ya nani mradi ukiisha. Mizinga 40 ni ya kikundi, au kila mwanachama anachukua wake? Jibuni sasa, wakati hakuna asali ya kugombaniwa. Kama ni ya kikundi, wekeni kwenye katiba sehemu ya mauzo itakayorudi kwenye mfuko wa kukarabati mizinga. Swali la uendelevu, linalojibiwa kwa sentensi za kupendeza kwenye maandiko mengi, jibu lake halisi ni asilimia hiyo na jina la anayeishika.

Wanaoishi kwa hamu yetu ya ruzuku

Pamekuwa na watu wanaopita kwenye vikundi wakiahidi kuandika maombi kwa malipo ya sehemu ya ruzuku ikipatikana, tuseme asilimia 10 au 20. Fikirieni fedha hiyo itatoka wapi. Mfuko hauna kifungu cha kumlipa. Kwa hiyo itatolewa kwenye mizinga au mafunzo, na ili hesabu zikae sawa zitahitajika risiti za uongo. Anayezisaini ni mweka hazina wenu, jirani yenu, ambaye hajawahi kuiba kitu. Kama mnahitaji msaada wa kuandika, mlipeni mtu ujira wa siku zake kutoka kwenye ada zenu, au ombeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye kazi hiyo ni sehemu ya majukumu yake. Baadhi ya mifuko ina ruzuku ndogo ya maandalizi kwa ajili ya hatua hii, na nyingine huendesha mafunzo kwa waombaji baada ya kutangaza wito. Ulizeni.

Wapo pia matapeli wa moja kwa moja: ujumbe wa simu unaosema kikundi kimechaguliwa, tumeni ada ya usajili au ya kufungua faili kwa namba hii. Mfuko halali unatoa fedha. Hauna sababu ya kuwadai ada ili uwape ruzuku. Matangazo yake yako kwenye tovuti yake, magazetini au kwenye ubao wa halmashauri, na yana tarehe ya mwisho na anwani ya ofisi inayoweza kutembelewa. Mkipata ujumbe wenye mashaka, nendeni na karatasi hiyo kwa ofisa maendeleo ya jamii kabla ya kutuma hata shilingi.

Mkikataliwa, andikeni kuomba maoni ya wasomaji. Si kila mfuko utajibu, lakini unaojibu huwapa kitu cha thamani kwa bure. Tunzeni muhtasari wa kijiji, takwimu za moto, profoma na katiba iliyorekebishwa kwenye faili moja linalokaa kwa katibu, na nakala kwa mweka hazina. Wito unaofuata ukitoka mtabadilisha bei na tarehe, mtalipima upya daraja lenu dhidi ya kusudi la mfuko huo mwingine, na karatasi zilizochukua miezi kukusanywa zitakuwa tayari mezani.